Stakabadhi Iliyopigwa Pasi

Asubuhi ya miadi ya viza, Dobi alipiga pasi kila kilichopita mkononi mwake. Alipiga suruali, akapiga shati, akapiga leso, na kwa kuwa pasi ilikuwa imeshapata moto na moyo wake haujatulia, akaanza kupiga karatasi. Barua ya mwaliko ya binti yake ikanyooka. Cheti cha ndoa kikanyooka. Mtu aliyenyoosha nguo za watu miaka thelathini na mitano, ataingiaje ofisi ya viza na makaratasi yenye mikunjo?

Ikafika zamu ya stakabadhi ya miadi, kijikaratasi chembamba kama risiti ya dukani, chenye namba ya kuingilia. Pasi ilipita mara moja tu. Kikawa cheusi tii.

“Mke wangu!”

Mkewe alitoka chumbani mtandio ukiwa nusu kichwani, akatazama, akashika kiuno. “Yaani wewe! Bado mimi tu, sema nilale hapo unipige pasi.”

Alitania, lakini macho yake yalikimbilia saa ya ukutani. Miadi ilikuwa saa nne. Ikiwapita, nyingine ni baada ya miezi mitano. Viza yenyewe ilikuwa ile ya mababu na mabibi, inayomruhusu mzee kukaa na wanawe ughaibuni miaka miwili mfululizo. Mjukuu wao alizaliwa huko, sasa ana miaka mitano, na hawajawahi hata kumshika mkono.

Kwenye mapokezi ya ofisi ya viza, dada wa dirishani alikishika kile kijikaratasi kwa ncha za vidole. “Baba, hii imeungua?”

“Haijaungua. Nimeinyoosha.”

Dada aliuma midomo asicheke. “Sasa baba yangu, kompyuta haitafuti kwa jina, inataka namba. Mna dakika kumi.”

Dobi akampigia binti yake, maana ndiye aliyeomba miadi. Kioo cha simu kikajaa paji la uso la mtoto.

“Mama anaoga,” alisema mjukuu.

“Mchumba wangu, ile karatasi ya miadi yetu mama ameiweka wapi?”

“Iko kwenye friji, imebandikwa. Ina namba ndefu.”

“Unajua kusoma namba?”

“Babu! Mimi nahesabu mpaka mia!”

Ikasikika kiti kikiburutwa. Ikaonekana dari, likaonekana goti. Kisha mtoto akaanza, kwa sauti ya mwalimu mkali: “Saba. Sifuri. Nne. Nne tena.” Dobi alirudia kwa nguvu, dada akabonyeza, na foleni nzima ikanyamaza kusikiliza. Dobi alikuwa akitokwa jasho kama yuko kazini.

Kwenye namba ya mwisho mtoto akakwama. “Hii sijui ni sita au tisa.”

“Tumbo lake liko juu au chini?” Bibi alidakia.

“Chini.”

“Sita!” foleni yote ikapiga kelele.

Dada alibonyeza, akangoja, akatabasamu. “Nimewapata. Mume na mke, ukaaji mrefu. Ingieni, mnasubiriwa.” Watu wakapiga makofi kana kwamba viza imeshatoka. Bibi alimkumbatia dada wa watu kupitia dirishani, mtandio ukaanguka, wala hakujali.

“Ila simu zinazimwa huko ndani,” dada aliongeza.

Furaha ya Dobi ikaingia doa. Kila simu inapokatwa, mtoto huyu huangua kilio, na mara nyingi babu mtu naye hulia kwa kificho. Akakisogeza kioo karibu na uso.

“Mke mwenzangu, usilie,” Bibi alimwahi.

“Mchumba wangu, babu anakata simu,” alisema Dobi. “Lakini leo nakata ili nije.”

Mtoto alimkazia macho, akalipima neno hilo.

“Basi kata upesi!”