Sauti ya Pili ya Letiția

Kila Machi mosi, kwa miaka ishirini na mitano, Letiția alimpelekea mwalimu wake wa kuimba uzi mwekundu na mweupe wa kubandika kifuani, kama watu wa mji wa Cluj wanavyopeana kuiaga baridi. Na kila mwaka Veturia Bocșa aliupokea huku moyo ukimsuta. Ukimkosea mtu naye akakuchukia, mambo ni mepesi. Akikuheshimu, huna pa kuweka uso.

Mwaka huu Letiția hakuja peke yake.

"Nabusu mkono, Mwalimu," alisema mlangoni, akikung'uta theluji viatuni. "Nimekuletea huyu mkaidi wangu. Ilinca, salimia."

"Nabusu mkono," alisema binti, miaka kumi na saba, bigijii ameificha shavuni.

Letiția akambandika Veturia uzi wake, kisha wakakaa. Veturia aliwaandalia jemu ya waridi kwenye visahani, na glasi za maji.

"Juni ana mtihani wa kuingia chuo cha muziki," Letiția alisema. "Fomu inataka aina ya sauti. Mimi nasema ya pili, ya chini, kama mama yake. Yeye anabisha."

"Nikiimba chini koo linauma."

"Linauma kwa uvivu."

Maneno hayo yalikuwa ya Veturia. Aliyasema chumba hiki hiki, mwaka wa sabini na nne, kwa msichana wa miaka ishirini aliyelalamikia koo hilo hilo.

Wakati ule Veturia ndiye aliyekuwa sauti ya kwanza ya jumba la opera. Picha zake zilijaa kwenye kuta za mji, maua yalimfuata hadi nyumbani. Lakini kuimba noti za juu kulikuwa kumeanza kumtoza ushuru, na huyu mwanafunzi wake alizipanda kama mtu anayekwenda kuchukua shali yake ghorofani. Jumba lilikuwa na nafasi moja tu. Basi Veturia akafunga piano akamwambia, "Mwanangu, wewe ni sauti ya pili. Hizo za juu ni utoto, zitakwisha." Akaliandika hilo kwenye faili, na faili la mwalimu mkubwa nani alipinge?

Letiția akaimba sehemu za vijakazi, yaya, wachawi, na za wavulana, akivishwa suruali. Miaka ishirini alisimama na sinia mkononi huku Veturia akifa jukwaani mbele ya watu na kufufuka kupokea maua. Baadaye Veturia alijiambia kwamba alikosea tu. Masikio yale hayakuwahi kukosea hata siku moja.

"Njoo, mwanangu," alimwambia Ilinca. "Tema hiyo bigijii."

Binti aliimba, Veturia akimpigia piano. Alipanda, akapanda tena, na vidole vya Veturia vikasimama. Ilikuwa sauti ile ile. Angeweza kusema "ya pili" akafa na heshima yake, bibi wa miaka sitini na sita. Mtoto naye angekabidhiwa sinia.

"Ni ya kwanza," alisema. "Kama yako, Letiția."

"Yangu ni ya pili, Mwalimu."

"Yako ilikuwa ya kwanza. Nilijua tangu mwanzo. Nafasi ilikuwa moja, na nilikuwa nimeikalia mimi."

Letiția aliweka kijiko kwenye kisahani polepole.

"Koo langu," alisema. "Nilikwenda kwa daktari. Nilikwenda kwa padri. Nilidhani nina kasoro."

"Hukuwa na kasoro."

"Ningefika noti gani?"

Veturia aliziangalia funguo za piano. Yeye ambaye mtu akimsalimia tu mlangoni hujua sauti yake itaishia wapi.

"Sijui. Sikuiacha ifike."

Letiția alifunga vifungo vya koti kimoja kimoja. "Wewe baki umalize somo," alimwambia binti yake. "Masikio yake ni mazima." Kisha akamgeukia Veturia. "Siku njema, bibi," alisema, kama unavyomwambia karani wa posta.

Ilinca alifaulu mtihani. Machi mosi iliyofuata Veturia alivaa blauzi nyeupe, akaacha kifuani nafasi ya uzi. Binti alifika na theluji yake viatuni, akatoa karatasi zake za nyimbo, wala hakutoa kitu kingine.

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Siku hizi anaimba bafuni. Anaimba juu, Mwalimu. Anapanda, anakwama, anaanza tena."

"Anakwama wapi?"

Ilinca alibonyeza ufunguo mmoja. Veturia aliisikiliza noti ile hadi ikaisha. Haikuwa hata juu sana. Mwaka wa sabini na nne Letiția aliipita akicheka.