Madaftari ya Vipimo

Fundi mkubwa alipofariki aliacha cherehani mbili, kabati la vitambaa na madaftari thelathini na moja ya vipimo. Katika madaftari yote hayo hamkuwa na jina halisi la mteja hata mmoja. Kila aliyepimwa alibandikwa jina la utani: Bibi Mabega, Hatua Ndefu, Nisubiri Nakuja. Chini ya jina ndipo vilipofuata kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mikono na tarehe. Alikuwa akisema mtu akishavua koti mbele yako amekuazima mwili wake, basi usiutembeze mtaani.

Mkewe alishona pembeni yake miaka ishirini na sita, kwa hiyo majina hayo aliyajua kama ajuavyo njia ya kwenda kisimani. Mwaka mmoja baada ya msiba alihamia kwenye cherehani ya mumewe, ile iliyo karibu na dirisha, na wateja wakaanza kumwita Fundi bila kuongeza neno. Wifi yake, dada wa marehemu, alikuja kumsaidia kupiga pasi, kutia vifungo na kupokea watu. Kupokea watu ndiko alikokuweza zaidi, maana mdomo wake haukujua likizo.

Wifi ndiye aliyeleta habari ya programu ya simu. Ilikuwa ya bure. Unaingiza vipimo vya mteja, jina lake na namba yake, na yenyewe inamkumbusha nguo yake ikiwa tayari. Fundi hakuona ubaya. Madaftari yalikuwa yameanza kuliwa na mende, na kumbukumbu yake mwenyewe, alisema, si sanduku la chuma.

Wakaifanya kazi hiyo kila mchana kwa wiki mbili. Fundi alisoma jina la utani na kutaja mwenyewe ni nani, wifi akabonyeza. Walicheka sana siku zile. Mwenye duka la vioo, mtu mnene anayetembea kwa tahadhari, kumbe marehemu alimwandika Kuku Kakanyaga Maji.

"Na mimi kaka aliniandika nani?" wifi akauliza.

"Wewe dada yake, angekuandika nani?"

Fundi akafunika ukurasa kwa kiganja. Pale palikuwa pameandikwa Redio.

Siku moja alikuta ukurasa wa mtu aliyeitwa Yule Yule. Kiuno thelathini na sita, kisha thelathini na nne, kisha thelathini na moja, kisha ishirini na tisa, yote ndani ya miezi kumi. Alijaribu kumkumbuka mteja huyo akashindwa, mpaka macho yalipofika kwenye mikono. Wa kushoto ulikuwa umezidi wa kulia kwa nusu inchi. Ulikuwa ni mkono aliokuwa ameulalia maisha yake yote ya ndoa. Mumewe alikuwa akijipima mwenyewe asubuhi kabla yeye hajafika dukani, akazipunguza suruali zake, akazivaa kama kwamba hakuna kilichobadilika. Habari ya ugonjwa alimwambia miezi miwili tu kabla ya mwisho.

"Huyo nani?" wifi akauliza, kidole kikiwa tayari.

"Huyo amehama," Fundi akasema, akafungua ukurasa mwingine.

Mwanzoni programu ilikuwa neema. Watu walikuja kuchukua nguo kwa wakati, na rafu haikulemewa tena na magauni yaliyosahauliwa. Mwezi wa pili mwenye duka la vioo akaingia na simu mkononi. Duka kubwa la nguo, ambalo hajawahi kulikanyaga, lilikuwa limemwandikia kwamba suruali za kiuno chake, inchi arobaini na mbili, zimefika. Wifi alicheka akasema kiuno kile hata mpita njia angekikisia. Lakini wiki ileile wakaja wengine wawili na maneno hayohayo, na mmoja wao alikuwa amekwisha kununua huko.  Fundi alihisi kitu kama sindano iliyosahauliwa kwenye pindo, ambayo huioni bali unajua ipo.

Kisha akaja karani wa ghala la mbegu. Alikaa kwenye benchi kimya, akawaachia wengine wapite mbele yake mpaka duka likabaki tupu. Mwaka ule alikuwa amepunguziwa suruali mara tatu. Aliweka simu yake juu ya meza ya kukatia na kuisukuma mbele. Kulikuwa na tangazo la dawa ya kuongeza mwili, na la pili lilikuwa la bima ya mazishi, likimwita kwa jina lake, kwa upole, kama ndugu.

Alieleza taratibu. Alikuwa mgonjwa, yuko kwenye matibabu, na daktari anaridhika naye. Mkataba wake wa kazi ulikuwa uamuliwe mwisho wa mwezi, na bosi wake ni mtu anayeogopa hata mafua ya wenzake. Simu hiyo hukaa mezani kazini, na macho ya watu hayana pazia.

"Daktari anajua, na wewe umejua kwa futi yako," alisema. "Sikuja kugombana, Fundi. Nataka kujua tu, nani mwingine anajua?"

"Matangazo si kila mtu anapata?" wifi akaropoka.

"Wewe umeletewa ya mazishi?"

Wifi akainama kutafuta kifungo ambacho hakikuanguka.

Fundi alifungua programu. Kwenye jina la karani palikuwa na mstari uliojichora wenyewe, unashuka ngazi baada ya ngazi kuelekea chini. Hakuhitaji kuelezwa maana yake. Namba za namna ile alikwisha kuzisoma kwenye karatasi, kwa mwandiko anaoupenda, na zilimwambia alichofichwa na aliyeziandika. Kama yeye mwenye shule ya sekondari tu ameweza kuzisoma, mashine yenye namba za maelfu ya watu ingeshindwaje?

Alipiga simu kwa kampuni ya programu palepale, karani akisikiliza. Aliyepokea alikuwa mwanamke mwenye sauti ya asali. Akasema vipimo hugawiwa washirika, na kwamba jambo hilo limeandikwa kwenye masharti, ukurasa wa kumi na nne, na duka lilibonyeza Nakubali. Fundi akauliza washirika ni akina nani. Wanabadilika, akajibiwa. Akaomba kila kitu kifutwe na apewe orodha ya waliokwisha kupokea, kwa maandishi. Kufuta kungechukua siku saba, ila kilichokwisha kutoka kiko mikononi mwa waliokipokea. Fundi alirudia ombi la orodha mara nne bila kupandisha sauti, kama anavyorudia mshono usiokaa sawa, mpaka yule mwanamke akachoka akakubali.

Kabla karani hajaondoka, Fundi alimuuliza kama mkewe anajua. Karani alitazama viatu vyake.

"Ni siri yako, na mimi ndiye niliyeimwaga," Fundi akasema. "Ila mume wangu alinificha mimi. Usimwache muuza mazishi akutangulie kwa mkeo."

Orodha ilifika baada ya siku mbili. Majina kumi na moja: maduka, wauza dawa, kampuni za bima. Ghala la mbegu halikuwamo. Fundi alimpelekea karani karatasi hiyo mwenyewe, kwa miguu, ndani ya bahasha iliyofungwa.

Aliporudi alimkuta wifi amekaa chini ya meza ya pasi, macho mekundu. Alikuwa akirudia kwamba yeye ndiye aliyebonyeza Nakubali bila kusoma hata mstari mmoja.

"Na majina alikutajia nani?" Fundi akasema. "Kaka yako aliyafunga miaka yote, mimi nikayafungua kwa wiki mbili. Inuka, pasi inaunguza."

Kazi ngumu ilikuwa bado. Fundi alitaka kuwaambia wateja wote, mia mbili na kumi na wawili, mmoja mmoja. Wifi alimsihi aache. Funika kombe mwanaharamu apite, alisema, mambo yameshafutwa, watu watatukimbia.

"Mwanaharamu hajapita, wifi. Ameingia kwao na amekaa. Wana haki ya kujua aliko."

Walimaliza mwezi mzima kwa kazi hiyo. Wengine walikuja dukani, wengine walipigiwa, na wifi, ambaye alitumwa kwa wale wakali, aligundua kwamba kuomba radhi kunahitaji maneno machache kuliko alivyozoea. Wateja tisa walichukua vitambaa vyao vikiwa havijashonwa. Bibi Mabega alifoka nusu saa nzima, kisha akaacha gauni lake likatwe pindo, akisema mtu anayemwambia ukweli usoni ni nadra, hata ukweli wenyewe ukiwa mbaya. Mwenye duka la vioo aliuliza tu kama anaweza kuambiwa jina lake la utani. Aliambiwa hapana.

Mwezi uliofuata karani alikuja na mkewe. Mkataba ulikuwa umesainiwa wa miaka miwili, na suruali ilikuwa imeanza kumbana. Fundi alimpima mwenyewe nyuma ya pazia, bila kutaja namba kwa sauti. Kiuno kilikuwa kimerudi inchi mbili. Aliandika kwenye daftari jipya, akamgeuzia karani ukurasa.

"Tazama, ni vyako. Juu sijaandika kitu. Chagua mwenyewe uitwe nani."

Karani alishika penseli, akafikiri kama mtu anayejaza fomu ya serikali. Mkewe alimnong'oneza kitu sikioni, karani akatikisa kichwa, akacheka kidogo, kisha akaandika kwa herufi kubwa: KITAMBI KINAKUJA.