Notisi ya Kiti cha Bi Bernice

Siku moja kabla ya Jumatano ya Majivu, Bernice Pilarski alikuwa anatoka kununua maandazi ya jamu, kama nusu ya Wapolandi wa Buffalo, New York, pale pikapu ilipoteleza kwenye barafu na kubonyeza mlango wa gari lake. Dereva aliomba radhi. Bernice akasema hana neno, akampa andazi, akaendesha hadi nyumbani kwa mkono mmoja.

Kesho yake aliahidi kuacha kulalamika Kwaresima nzima. Wengine huacha peremende. Bernice, mpishi wa ukumbi wa parokia, hakujua kufanya jambo nusunusu.

Jioni hiyo kiti chake cha jikoni, kile chenye mikono, kilianza kuugua.

"Aah, bega langu la kulia," kilisema kwa sauti ya Bernice, huku mwenyewe anakanda unga kimya.

Jirani yake, Lottie, alikisogeza karibu na jiko kipate joto.

"Nenda hospitali, mama wee. Na uiandikie bima yako."

"Huko si ndiko kulalamika?"

"Jumapili haihesabiwi kwenye zile siku arobaini. Lalamika Jumapili!"

"Mimi naihesabu."

"Kichwa ngumu wewe."

Katika jimbo la New York bima ya gari lako mwenyewe ndiyo inayokutibu, awe amekosa nani, mradi uiarifu kwa maandishi ndani ya siku thelathini. Bernice aliamini kampuni inajua. Ray Dombek, wakala aliyemuuzia bima, alikula kwake kila Ijumaa, tena kwenye kiti hichohicho. Kiti kililia chini yake kuanzia supu hadi chai.

"Bega linakutesa kweli," alisema Ray, akiomba samaki mwingine.

Siku ya ishirini na nane hofu ilimshika Bernice. Alichukua kalamu, akaiweka, akaichukua tena. Kiti kililia hadi Lottie akabisha hodi kuuliza kama ameshaandika. Hakuwa ameandika. Ahadi ni ahadi, na Ray si alikuwa amesikia?

Jumatatu ya Pasaka alikwenda hospitali. Daktari alisema msuli wa bega umechanika na upasuaji usichelewe, la sivyo mkono hautapanda tena. Alitaka kwanza barua ya bima kwamba italipa. Bernice akaandika siku hiyohiyo, nayo ilikuwa siku ya arobaini na nane.

Kampuni ilijibu kwamba amechelewa, na kwamba Kwaresima si sababu ya msingi. Alimwita Ray awe shahidi wake.

"Nilisikia, Bernice, sikatai," alisema Ray. "Lakini kiti hakikuandika."

"Si ungeandika wewe?"

"Mimi nilikuja kula, dada yangu."

Hata hivyo Ray si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi. Alikitazama kiti kilivyokuwa kinahema, akakionea huruma. Akauliza kama bima ya nyumba bado iko hai. Ilikuwa hai, ya kampuni ileile, na upande wa samani haukuwa na haraka ya siku thelathini. Akajaza fomu palepale mezani, akaandika pembeni: mkono wa kulia, maumivu makali.

Seremala aliyetumwa na kampuni alifika kabla ya wiki kwisha. Aliufungua mkono wa kiti, akaukuta umepasuka panapoungana na mgongo, akatia gundi na skrubu mbili. Alimwomba Bernice aushikilie gundi ikauke. Bernice akaushikilia kwa mkono wa kushoto. Kiti kilishusha pumzi, kikanyamaza.

Seremala alipoondoka, Bernice alijaribu kuinua mkono wake wa kulia. Haukupita kifua.

"Bega linaniuma," alisema kwa sauti.

Hakukuwa na mtu jikoni, na kiti kilikuwa kimeshapona.