Neno "Asimamiwe" katika Nchi ya Stahilini

Nchi ya Stahilini imepakana na Ukarimu upande wa mashariki na Usahaulifu upande wa magharibi, na raia wake wanajulikana kwa sifa mbili: huandika sheria kwa huruma, na huzisoma kwa haraka. Sheria yao juu ya watu wenye ulemavu ilikuwa sentensi moja tu: "Asiyejiweza asimamiwe mbele ya Diwani, apewe msaidizi." Diwani ni baraza linaloamua maombi ya raia, na waliotunga maneno hayo walikuwa na nia njema. Makarani waliowafuata, ambao hawakuwa na nia mbaya, waliajiri watu wawili wenye misuli walioitwa Wainuzi, kazi yao kumshika mwombaji makwapani na kumsimamisha wima. Magoti yakihimili, ilidhihirika kwamba anajiweza, na ombi lake lilikataliwa. Yasipohimili, ilihesabiwa kwamba hakusimamiwa, na ombi lake lilibatilika. Utaratibu huo ulidumu miaka tisini, ukasifiwa kwa usawa wake, maana ulimnyima kila mtu.

Katika mtaa wa Saburi aliishi mwanamke aliyeitwa Makini. Maradhi ya uti wa mgongo yalikuwa yamemweka katika kiti cha magurudumu, na hata humo hakuweza kukaa zaidi ya saa moja bila kujinyoosha kitandani. Alitaka kuwa mnasihi wa haki, yaani mtu anayejua raia anastahili nini kwa sheria na kumsemea penye kusemewa. Mwalimu wake, Bwana Kifungu, alimfundishia nyumbani. Yeye juu ya kigoda, mwanafunzi amelala ubavu, kitabu kimeegemezwa kwenye mto.

"Mwanangu," alisema Bwana Kifungu siku moja, "mwezi mzima umesoma sura nne. Wenzako wamemaliza kumi."

"Wenzangu wamesoma wamekaa, mwalimu, wakasinzia. Mimi nimelala tayari, sina pa kuangukia."

"Haya, sura ya tatu yasemaje?"

"Ina ile sheria ya asiyejiweza, nayo yasema jambo ambalo Diwani haijawahi kulifanya."

Mzee akaondoa miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Isome tena," alisema. "Polepole kama unavyosoma zote."

Kwa desturi ya Stahilini, mwanafunzi hapewi idhini ya unasihi mpaka amtetee mtu mmoja mbele ya Diwani. Makini alipewa Bi Staha, mshonaji aliyezeeka, ambaye vidole na magoti yake vilikuwa vimekakamaa kwa baridi yabisi. Aliomba msaidizi wa asubuhi wa kumvisha nguo. Ombi la kwanza lilikataliwa, kwa kuwa magoti yake yalihimili kwa muda wa kupiga chafya moja. Akikataliwa mara ya pili, angehamishwa nyumbani kwake na kupelekwa Bweni la Shukrani, ambako wakazi huamka, hula na hulala kwa kengele moja, na kila ikilia husema asante.

"Huko hakuna milango, bibi," Bi Staha alimwambia Makini. "Mapazia tu. Mimi nimeshona mapazia maisha yangu yote. Najua hayazuii kitu."

Siku ya shauri, Kadhi Insafu alikaa barazani, na karani mkuu, Bwana Mazoea, akainuka na kalamu sikioni.

"Mheshimiwa Kadhi, pana kasoro mbili," alisema. "Mwombaji ameketi, na msimamizi wake ameketi vilevile. Tangu lini mtu akamsimamia mwenzake naye mwenyewe hakusimama?"

Wainuzi wakakunja mikono ya kanzu na kumkaribia Bi Staha, ambaye alifumba macho.

"Wangoje kidogo," alisema Makini. "Bwana Karani, nasikia mwezi uliopita ulimwoza binti yako. Hongera."

"Ahsante. Lakini hilo si la hapa."

"Nani alimsimamia katika nikaha?"

"Mimi, babake. Ungetaka nani, jirani?"

"Ulimshika makwapani?"

Mwinuzi mmoja akacheka, akajifanya anakohoa.

"Binti yangu hakuwapo hapo," alisema Bwana Mazoea kwa ukali. "Alikuwa ndani na wanawake. Mimi nilisema kwa niaba yake. Hiyo ndiyo maana ya kumsimamia mtu."

"Nawe ulikuwa umesimama?"

Bwana Mazoea akaitoa kalamu sikioni na kuitazama. Alikuwa mtu mkweli. Kosa hili alilirithi likiwa safi na limekunjwa vizuri, wala hakuwahi kulikunjua.

"Nilikaa mkekani," alisema. "Goti kwa goti na bwana harusi."

"Na ndoa ikasihi, ikawa halali?"

"Ikasihi."

"Basi na mimi nimekaa," alisema Makini, "nami namsimamia Bi Staha. Sheria haikutaka magoti yake. Ilitaka mtu wa kumsemea. Anaomba msaidizi wa asubuhi, na daktari ameandika sababu. Naomba uamuzi kabla ya adhuhuri, maana mgongo wangu una saa yake."

Kadhi Insafu akaisoma sentensi ile mara tatu, polepole, kisha akawaamuru Wainuzi waende wakalete viti kwa waombaji wote waliokuwa nje. Bi Staha akapewa msaidizi, na Makini akapewa idhini, akaipokea amekwisha kulazwa juu ya benchi la mashahidi, huku Bwana Kifungu akimkunjia joho lake liwe mto.

Baada ya wiki moja Makini alimtembelea Bi Staha, akamkuta mlangoni mwake, nguo zimemkaa sawa, anamgombeza msaidizi.

"Hukuridhika naye?" aliuliza Makini.

"Anafunga vifungo kuanzia juu," alisema Bi Staha. "Nimemwambia siku tatu: huanzwa chini. Kule Bwenini ningesema asante. Huyu ni haki yangu, basi afunge ninavyotaka."