Alhamisi za Nibal

…na anafanya tena, nimemwona, anapitisha mkono wa nguo chini ya pua halafu ananitupia jicho, hapa hapa kwenye tanga la mama yangu, siku ya tatu, chumba kimejaa wanawake wa mtaa na Nibal ananisema mbele ya macho yangu, na viziwi wenzake wanaitikia kwa vichwa, wamejipanga ukutani utadhani wao ndio wafiwa… Rihab, mke wa kaka yangu, amesimama na birika la kahawa chungu, anangoja nitikise kikombe ajue nimetosheka, sijatikisa, na angoje, mimi nachunga mikono ya watu… kila Alhamisi, miaka ishirini na sita, Nibal alikuja kwetu, akala wali wa mabiringanya wa mama, halafu yeye na mama, mwalimu wake, wakaanza, mikono inaruka, wanacheka kwa pumzi tu, na katikati ile ile, mkono wa nguo chini ya pua, mara tano, mara kumi, nami nimekaa pale pale na sahani yangu, kikulacho ki nguoni mwako, nilijua nasengenywa nyumbani kwetu, nikauliza, mama akasema njoo nikufundishe, mbona kikombe unakitikisa na Nablus nzima inakuelewa, nikaikalia mikono yangu, nina miaka tisa, nikasema mimi si mgonjwa kama hao, na hakuniambia tena… sasa majirani wanamsifu mama, Bi Widad aliwatoa watoto waliofichwa vyumbani na wazazi wao, barabara zikifungwa alipita vilimani na mabuti ya baba, alimshikisha Nibal koo lake siku baada ya siku mpaka mtoto akajua sauti ni nini, kweli tupu, lakini mimi alinishikisha nini, mimi nilipewa mama wa jioni, kichwa kinamuuma, sauti imemkauka, naona wivu, ndiyo, mtu mzima na mvi zangu namwonea wivu kiziwi… huyo, tena. Namwinamia mama mdogo Hiyam, aliyekuwa akimsaidia marehemu darasani, namuuliza huyo Nibal ananisema nini, naye ananishangaa.

“Anauliza kama umekula. Hilo la pua ni jina lako, mwanangu, hukujua? Mama yako alikupa siku aliyokuleta darasani, una miaka minne, na mafua yako. Shule nzima inakujua hivyo.”

Jina langu… kwa hiyo Alhamisi zote zile nilikuwa nasemwa kweli, mara kumi kwa mlo mmoja, mitihani yangu, homa zangu, ndoa yangu iliyovunjika, Nibal anayajua yote, ndiyo maana anauliza kama nimekula… na Rihab ananong'ona chukua au tikisa, kikombe kiko mkononi, sitikisi, siwezi, kwa sababu niko hospitali, wiki iliyopita, kiharusi kimeondoka na ulimi wa mama, amebakiwa na mkono mmoja, na mkono ule unapanda, unapita chini ya pua, unashuka, unapanda tena, mchana kutwa, macho yake kwangu, na mimi, binti wa Widad, nikachukua kitambaa nikampangusa pua, ilikuwa kavu, nikampangusa tena, nikampangusa mpaka ikawa nyekundu, nikamwambia tulia, mama, tulia, hapo hapana kitu…