Msegese Mguuni mwa Bartolomayo

Hana alipasua kidonge cha rangi mbili kwa kucha, akanyunyiza unga wake kwenye kidonda cha mumewe, kama ilivyo ada ya Mlali nzima. Bartolomayo alikuwa amejikata kwa jembe kwenye muundi wakati wa palizi. Vidonge alimeza siku tatu. Maumivu yalipopoa, Hana akavificha vilivyobaki, ama kwa homa nyingine, ama kwa kuku wakianza kusinzia. Akiba haiozi.

Kidonda kilirudi, na safari hii hakikuwa na adabu. Hospitalini Dodoma mjini walipima usaha, kisha daktari akamweleza Hana kwamba vijidudu vya mumewe vimeshazoea dawa zote sita walizo nazo. Hana aliogopa sana. Mguu ule ndio uliokuwa ukiwalisha.

Alhamisi, saa ya chai, mche wa msegese ulichipua katikati ya kidonda. Nesi Frida aliupima kwa rula, akaandika kwenye faili: majani manne, hali nzuri. Hana akaumwagilia kwa kikombe. Utomvu ulitiririka, na kila ulipopita usaha ulikauka. Daktari alisema ipo miti ya kuvunja kiburi cha vijidudu, hata dawa zikapata nguvu tena, basi akamwanzishia dawa upya. Alionya jambo moja tu: mche usiguswe kwa siku kumi na nne.

Siku ya tano Bartolomayo alikwenda chooni bila fimbo. Aliporudi aliketi kitandani, akaung'oa mche na mizizi yake.

"Baba Henry, bado siku tisa," Hana alisema.

"Nimeshapona. Shamba halinisubiri."

Hana naye, Mungu amsamehe, hakubisha. Alichuma majani, akayafunga kwenye pindo la kanga, wakapanda basi la kurudi.

Wiki ya tatu kidonda kilifumuka. Msegese ulichipua tena, majani yake ya manjano, na kufikia jioni kidonda kilikuwa kimeshautafuna hadi shina. Ukachipua wa pili, nao ukaliwa. Bartolomayo alizikwa Jumamosi baada ya ibada, na Hana alilia mpaka sauti ikamkauka.

Matanga hayajaanuliwa, jirani yake Debora alikuja na mtoto anayekohoa. Alitoa pole, akakaa mkekani kitambo, kisha akauliza kama yale majani yamebaki. Hana aliingia ndani, akamletea.

"Mchemshie leo na kesho," alisema. "Akipata nafuu usimpe tena, mengine uyatunze."