Moduli ya Ishirini na Nne

Baba yangu alikuwa mtunza stoo wa vipuri vya pampu za maji kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo hakuwahi kutoa kipuri kisicho sahihi. Wenzake walimwita Ramani. Ukimtajia beringi au vali yoyote, aliifuata ilipo bila kutazama karatasi, na watu walidhani ni mazoea. Mwanzoni yalikuwa mazoea kweli. Baadaye ilikuwa ni kwa sababu macho yalikuwa yanakwisha.

Daktari alisema ugonjwa ule haurudi nyuma. Kanuni ya kampuni ilisema asiyeweza kusoma lebo hakai stoo. Baba alibakiza miaka miwili astaafu, naye alitaka jambo moja tu: aimalize akiwa Ramani, bila kuonewa huruma na mtu.

"Hili ni la watu wawili," aliniambia. "Mama yako akijua, shangazi yako atajua. Shangazi yako akijua, limeshatangazwa."

Nilifanya kazi jengo hilohilo, chumba cha mifumo, nikihudumia programu ya kuendeshea biashara: oda, bidhaa, na stoo za matawi yote saba. Programu ya namna hiyo huja ikiwa ya jumla, kisha kila kampuni huiongezea moduli zake, yaani vipande vya kazi ambavyo kampuni nyingine hazivihitaji. Nilimwandikia Baba moduli yake. Oda ikifika, badala ya yeye kusoma skrini, alisikia sauti yangu kwenye kisikilizi kidogo cha sikioni: "Baba, hatua sita, mkono wa kulia. Rafu ya tatu, juu." Nilirekodi maelekezo elfu moja mia moja na arobaini, Jumapili kumi na moja mfululizo. Neno "Baba" alilidai mwenyewe.

"Sauti isiyoniita, nitajuaje kama inasema na mimi?"

Wenzake waliamini anasikiliza mpira. Katika miezi kumi na minne alitoa vipuri zaidi ya elfu tisa. Makosa hayakuwapo.

Kila miezi mitatu tulijenga seva upya na kusakinisha moduli kwa mkono, moja baada ya nyingine, tukifuata orodha ya moduli ishirini na tatu. Ya ishirini na nne niliiweka kimyakimya. Kisha mwenzangu mmoja akasahau moduli ya kuchapa lebo, na tawi moja likatoa lebo tupu kwa siku mbili. Mkuu wa mifumo, mtu mpole asiyependa kusema jambo mara mbili, akaamua kwamba mkono wa mtu usihusike tena. Akanipa kazi ya kuandika kisakinishi: seva ikiwaka, kisome orodha na kusakinisha chenyewe. Kila moduli kwenye orodha ingekuwa na maelezo ya kazi yake na saini ya aliyeiomba. Isiyo na saini isingeorodheshwa.

Sikuweza kuandika maelezo ya moduli ile bila kumtaja Baba. Lakini programu yetu ilikuwa na njia nyingine. Moduli inaweza kuandikiwa kwamba ijisakinishe yenyewe pale zile inazozitegemea zinapokuwapo. Ya Baba ilitegemea mbili, ya stoo na ya lebo, na zote zilikuwa kwenye orodha. Nikabadilisha mstari mmoja.

Nilijua kwamba itaingia pia kwenye matawi mengine sita. Nilikadiria kuwa huko itakaa kimya, kwa kuwa haitakuta namba za rafu inazozijua. Niliijaribu kwa data ya tawi letu, ikafanya kazi. Nililosahau ni kwamba namba zile zilibuniwa na Baba. Kampuni ilizipenda, na miaka minane iliyopita ikazinakili kwenye matawi yote. Hadithi hiyo niliisikia mezani nyumbani mara nyingi mno, hata nikaacha kuisikia.

Jumatatu seva ziliwaka na kisakinishi kipya, na saa mbili na nusu asubuhi simu ya kwanza ililia.

"Chumba cha mifumo? Kompyuta yangu inaniita Baba." Alikuwa mtunza stoo wa tawi la pili, mwanamke. "Imeniita mara tisa tangu niiwashe. Mdogo wangu, nina watoto wanne, na wote wananiita mama. Huyu wa tano ametoka wapi?"

Nyuma yake watu walikuwa wanacheka. Simu iliyofuata ilitoka tawi la sita. "Sauti ni nzuri, hatukatai," alisema mtunza stoo wa huko, "lakini hatua sita kutoka hapa ni chooni."

Mkuu wa mifumo alivuta kiti akakaa karibu nami. "Hii sauti ni yako."

"Ndiyo, mkuu. Ni majaribio. Ya kuwafundisha watunza stoo wapya."

Akafungua rekodi moja. "Baba, simama. Mbele yako kuna paleti ya mizigo, ipitie kushoto. Nimebandika utepe wa gundi kwenye ukingo wa rafu. Ipapase."

Akairudia. "Mtu mpya anayeona, apapase kwa nini?"

Nikaifunga rekodi. "Iondoe," alisema polepole. "Matawi yote. Watu hawafanyi kazi, wanacheka."

"Naomba dakika tano nishuke stoo kwanza."

"Kufanya nini?"

Kumjibu kungekuwa kumtaja Baba. Nilitazama saa: nne kasoro dakika kumi. Saa hiyo Baba hukaa kaunta na chai yake. Nikaiondoa, kisha nikashuka ngazi.

Kikombe kilikuwa kaunta, kimejaa. Oda ya haraka ilikuwa imeingia. Baba alikuwa amesimama katikati ya njia ya nne kati ya rafu, karatasi mkononi, kichwa amekiinamisha kidogo kama mtu anayesubiri kumaliziwa sentensi. Mpakiaji wa mizigo wa stoo ile alikuwa anamjia kutoka upande wa pili. Habari za matawini zilikwisha kumfikia.

"Ramani! Kumbe una binti kwenye kompyuta! Sisi wengine tuna virusi tu!"

Baba hakucheka. Hakusogea pia. Mpakiaji akakaribia, akamtazama usoni, akatazama karatasi aliyoishika juu chini. Utani ukamwisha.

"Mzee wangu," akasema kwa sauti ya chini, "unatafuta nini nikupe?"

Alikuwa amemwita Ramani kwa miaka kumi na miwili. Sikumsikia akimwita hivyo tena.

"Vali ya inchi mbili," Baba akajibu. Kisha akasikia viatu vyangu. "Imenyamaza. Nikadhani umechoka."

"Nimeizima mimi, Baba."

"Wamejua wangapi?"

"Matawi yote."

Akakunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni. "Basi shangazi yako amepunguziwa kazi."

Alikwenda kwa meneja mwenyewe, akiwa ameshika ukuta, na hakutaka kusindikizwa. Barua ya kustaafishwa mapema aliyopewa ilikuwa ya heshima. Mkuu wa mifumo alijitolea kuiweka moduli kwenye orodha, na saini angetia yeye. Nilimpelekea Baba habari hiyo nikidhani nimeleta dawa.

"Nikibaki, watakuwa wanakuja kunitazama nikitoa vipuri," alisema. "Nitakuwa sinema. Mwambie ahsante."

Kwa siku tatu alimkabidhi mpakiaji stoo, rafu kwa rafu. Mpakiaji aliandika, na alipomaliza kila njia alisema, "Nimeelewa, mzee wangu." Baba alikuwa anaitika.

Siku ya nne saa tisa mchana alitoka. Nilimpa mkono getini.

"Leo niache niende mwenyewe," alisema. "Njia naijua."

Kutoka getini hadi nyumbani ni mita mia nne. Nilimfuata nyuma, mbali kidogo asisikie hatua zangu. Alitembea vizuri, mgongo wima, akavuka barabara pale panapovukika. Karibu na duka la kona mtu alikuwa ameegesha pikipiki juu ya njia ya waenda kwa miguu. Kiwiko cha Baba kikagonga usukani.

"Samahani sana, ndugu yangu," akaiambia pikipiki, akasubiri ijibu.

Nilisimama pale nilipokuwa. Alisubiri tena kidogo, kisha akanyoosha mkono, akagusa kiti, akajua. Aligeuza uso taratibu kulia na kushoto, kutafuta kama kuna mtu aliyeona. Nilibana pumzi mpaka alipoanza kutembea.